Chuo Kikikua, Mtaa Usife

Hapana mtu mwenye akili timamu katika nchi hii awezaye kulalamika kwamba vyuo vyetu vinakua. Hilo ndilo tulilolidai tangu mwanzo. Katika ukoloni, kijana wa Tanganyika aliyetaka masomo ya chuo kikuu hakuyapata kwao. Ilimpasa kwenda Makerere, huko Uganda, au kuvuka bahari, na waliopata nafasi hiyo walihesabika kwa vidole. Leo mtoto wa mchukuzi wa Kariakoo aweza kutoka nyumbani kwao kwa miguu akaingia darasani kusoma ufundi, biashara au uganga. Hayo ni matunda ya Uhuru, na yeyote ayabezaye hatujui ni wa upande gani.

Kwa hiyo tunaponena juu ya msongamano wa magari, pikipiki na watu mbele ya vyuo vya katikati ya Dar es Salaam, mtu asidhani kwamba twataka vyuo hivyo vifungwe au vifukuzwe. Tunalosema ni hili: chuo kinachokua kina deni kwa mtaa uliokipokea, na deni hilo linalipwa leo na watu wasiolikopa. Linalipwa na mama mwenye mtoto mgongoni anayeshuka katikati ya barabara kwa kuwa njia ya miguu imelaliwa na gari. Linalipwa na mgonjwa aliye ndani ya gari la wagonjwa, king'ora kinalia na mbele hapana pa kupita. Mambo haya hayakuletwa na Mungu. Yameletwa na watu kwa kutopanga, na watu waweza kuyaondoa kwa kupanga.

KILIANZA NA WANAFUNZI WACHACHE

Tukumbushane tulikotoka. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Wote pamoja na walimu wao wangalitosha ndani ya basi moja. Wenyeji wa Kariakoo hawakuona shida yoyote ya barabara, waliona fahari. Chama kilitoa nyumba yake ili taifa lipate wasomi, na mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani.

Mlima uliondoka na chuo kile, lakini mji haukubaki bila vyuo. Chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957 pale penye njia panda ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed ndicho leo Taasisi ya Teknolojia, DIT. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilifunguliwa mwaka 1965 kwenye barabara hiyohiyo ya Bibi Titi. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kikaja mwaka 1972 katika Mtaa wa Shaaban Robert. Huko Upanga, shule ya uganga iliyoanza mwaka 1963 ilikua hatua kwa hatua hata ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007, nacho kimo katika eneo moja na Hospitali ya Taifa.

Sasa tazameni hesabu. Mwaka 1967 watu wa Dar es Salaam walihesabiwa wakawa kama laki 2 na elfu 73. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa huu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5 na laki 3. Vyuo vimeongeza madarasa, ghorofa juu ya ghorofa. Lakini Mtaa wa Sikukuu ni uleule, Mtaa wa Aggrey ni uleule, na vichochoro vya Upanga ni vilevile. Ghorofa yaweza kupanda kwenda juu. Barabara haipandi juu. Kila chumba kipya cha darasa kinamwaga watu wake chini, katika njia ileile iliyopimwa zamani kwa watu wachache na mikokoteni.

Wala tusisahau nani aliyeipima. Mitaa ya Kariakoo ilichorwa na Wajerumani katika miaka ya mwisho ya utawala wao, kwa kusudi la kuwaweka Waafrika mahali pao. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili pawatenge wakazi wa Uhindini na wakazi wa Kariakoo. Mkoloni alipanga mji kwa kutenganisha watu. Sisi tuliojitawala tuna wajibu wa kuupanga kwa kuwaunganisha, na kiunganishi cha kwanza cha mji ni njia ya kupita kwa usalama.

MWENYE NGUVU MPISHE

Mtu akitaka kujua kama nchi ina usawa, asisome hotuba peke yake. Na asimame barabarani saa 1 na nusu asubuhi. Sisi tumesimama hapo siku nyingi katika kazi zetu za kutembelea matawi. Tunaona daladala zikishusha, bajaji zikigeuza, bodaboda zikipenya, lori la mchele likirudi nyuma, mchukuzi na mkokoteni wake wa magunia akipiga mluzi apishwe. Katikati ya hao wamo wanafunzi wa vyuo, watoto wa shule za msingi na wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja. Hapo sheria inayofuatwa si ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Inayofuatwa ni ile ya wahenga: mwenye nguvu mpishe. Lori linapishwa na gari dogo, gari dogo linapishwa na pikipiki, pikipiki inapishwa na mtu wa miguu, na mtu wa miguu hana wa kumpisha ila mtaro.

Wako watoto wasioona katika mji huu. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko imewapokea watoto wa namna hiyo miaka mingi, wakasoma pamoja na wenzao wanaoona. Mtoto huyo hutembea kwa fimbo yake, akiisikiliza njia. Gari likiegeshwa juu ya njia ya miguu, fimbo yake inagonga bati, naye inambidi ashuke barabarani asikokuona. Aliyeegesha pale pengine ni mtu mwema, mwenye shahada, anayewahi kipindi. Hakukusudia ubaya. Lakini ubaya usiokusudiwa nao unaua.

Na huko Upanga, Barabara ya Umoja wa Mataifa ndiyo njia ya wanafunzi, ya wafanyakazi, ya wanaotazama wagonjwa, na ya gari la wagonjwa lenyewe. Chuo cha kufundisha waganga kinaposongamana mlangoni hata mgonjwa akachelewa kumfikia mganga, hapo elimu inajizuia yenyewe. Hilo si la kumlaumu mtu mmoja. Ni la kukubali kwamba mlango wa chuo na mlango wa hospitali haviwezi kuachiwa vijipange vyenyewe.

DAWA ZISIZOPONYA

Tunazisikia dawa mbili zikitajwa sana barazani, nasi twapenda kuzijibu.

Ya kwanza ni kupanua barabara na kujenga za juu. Tumezijenga, na tunajivunia. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Yamewafaa wasafiri wa barabara kuu. Lakini hayo ni njia panda kubwa, mbali na nyumba za watu. Hapa mjini, kupanua barabara kwa mita 5 maana yake ni kubomoa baraza, kung'oa mti, kuondoa genge na kuufuta kabisa upenyo wa mtu wa miguu. Tena njia ikipanuliwa pembeni mwa soko na vyuo, magari mengine hutoka yalikokuwa yamejificha yakaja kuijaza. Tutakuwa tumebomoa nyumba za watu ili tupate foleni pana zaidi.

Ya pili ni kuvihamisha vyuo vyote nje ya mji. Hili lina ukweli kidogo ndani yake, na ukweli huo tutaurudia. Lakini likichukuliwa zima ni kosa. Chuo kilicho karibu na Kariakoo ni chuo ambacho kijana wa Buguruni, wa Magomeni au wa Temeke aweza kukifikia kwa nauli ndogo au bila nauli. Ni chuo ambacho karani aliyetoka kazini saa 10 jioni aweza kukiwahi kwa masomo ya jioni. Ukikipeleka kilomita 30 porini, mwenye gari atafika, na asiye na gari ataacha. Tukiwaondoa wanafunzi mjini ili wenye magari wapate nafasi, tutakuwa tumempendelea nani?

Zingatieni hesabu ndogo. Gari dogo likiegeshwa lataka nafasi ya mita 5 kwa mita 2 na nusu. Ukijumlisha na njia ya kuliingizia na kulitolea, linachukua kama mita za mraba 25. Mwanafunzi mmoja darasani hutosheka na mita moja na nusu ya mraba. Basi magari manne yaliyolala kutwa uani mwa chuo yamekalia nafasi ya darasa la wanafunzi zaidi ya 60. Na barabarani ni vivyo hivyo. Basi refu la mita 18, la namna ile iliyoanza kazi katika Barabara ya Morogoro mwezi Mei 2016, huchukua watu zaidi ya 100. Wagawe watu 100 wawili wawili katika magari, utapata magari 50. Yapange kichwa kwa mkia, utajaza mita 250. Hivyo msongamano wa mjini umeletwa zaidi na nafasi kubwa waliyopewa wachache kuliko na wingi wa watu.

YATAKAYOTUFAA

Sisi twashauri mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, mengi yasiyohitaji mkopo wala mtaalamu kutoka Ulaya.

La kwanza ni mguu. Walio wengi katika hao waendao vyuoni hutembea sehemu ya safari yao, japo ni kutoka kituo cha basi hadi getini. Njia ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa ikapita Barabara ya Morogoro, ikaingia Msimbazi hadi Gerezani; vyuo vya Bibi Titi viko mwendo mfupi kutoka hapo. Serikali iliweka fedha nyingi katika njia ile. Kilichobaki ni mita mia chache za mwisho: njia ya miguu iliyo sawa, yenye kivuli na taa, isiyo na gari juu yake, na vivuko vyenye michoro inayoonekana na askari wa kuvisimamia asubuhi na jioni. Viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyowekwa kuwatenga watu, na viwe njia ya kuwapitisha. Na kila chuo kifungue mlango wa waenda kwa miguu upande walikotoka watu, wasizungushwe wote hadi kwenye geti moja la magari.

La pili ni saa. Vyuo jirani vikianza masomo vyote saa 2 kamili, katika saa ileile ya shule, ya ofisi na ya kufungua maduka, hapo msongamano umeandikwa katika ratiba kabla haujafika barabarani. Sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba ratiba ni karatasi, na karatasi hufutika. Chuo kimoja na kianze saa 2, cha pili saa 2 na nusu, cha tatu saa 3. Vipindi vya madarasa makubwa visiishe dakika moja. Hilo halina gharama ila wakuu wa vyuo kukaa meza moja.

La tatu ni magari ya vyuo vyenyewe. Chuo kiegeshe ndani ya mipaka yake, wala kisiufanye mtaa kuwa uwanja wake. Nafasi chache zilizopo wapewe kwanza walemavu, wagonjwa, na wanaokuja watu wanne katika gari moja. Atakayesema kuwa huku ni kuwanyima wasomi haki yao, na akumbuke kwamba huko Cambridge, Uingereza, kwa miaka mingi mwanafunzi hakuruhusiwa kuweka gari mjini bila idhini ya chuo. Waingereza waliotutawala hawakuona aibu kuwaambia watoto wa matajiri wao waende kwa miguu au kwa baiskeli. Sisi tuone aibu ya nini?

La nne ni bodaboda na bajaji. Vijana hawa ni ndugu zetu, wanatafuta riziki, na mwanafunzi aliyechelewa huwakimbilia. Kuwakimbiza kwa virungu leo ili warudi kesho si utawala. Wapewe kituo kilichopimwa, mbali kidogo na geti na mbali na kivuko, chenye uongozi wao wenyewe wa kupanga zamu. Wakijua kwamba kituo ni chao, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kumkanya mwenzao anayezuia njia. Na mama lishe wasifagiliwe kama takataka. Wapangiwe ukingo wao, kwa maana mwanafunzi huyu anakula kwao.

La tano ni mizigo. Mwaka 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 katika Kariakoo. Basi na tuitumie saa ya usiku kwa kazi inayoufaa usiku: kushusha makontena, kuleta saruji na nondo za majengo ya vyuo, kuondoa vifusi. Hata hivyo wakazi wana haki ya kulala. Kwa hiyo ziwekwe saa maalumu na mitaa maalumu, zijulikane kwa kila mtu.

La sita ni malazi. Mwanafunzi anayelala karibu na darasa hana safari ya asubuhi. Mwaka 2017 hosteli za Magufuli zilifunguliwa Mlimani, zikiwa na nafasi za wanafunzi 3,840. Kila mmoja wa hao ni abiria aliyepungua barabarani. Vyuo vya mjini navyo vifikiriwe hivyo hivyo, kwa kujenga juu, katika ardhi ya umma iliyopo, bila kuwafukuza wapangaji wa zamani wa Kariakoo kwa kodi zinazopanda kila msimu wa kufungua chuo.

La saba ndilo ule ukweli tuliosema tutaurudia. Si kila darasa jipya lazima lijengwe hapa. Muhimbili imepanuka hadi Mloganzila. CBE ina kampasi Dodoma, Mwanza na Mbeya. Huo ni mwendo mzuri, na ni haki pia: kijana wa Mbeya hana sababu ya kuja kusongamana Bibi Titi ili apate stashahada. Chuo cha mjini kiendelee, lakini kisipewe kibali cha kuongeza ghorofa bila kuonyesha watu wake watakwenda na kurudi kwa njia gani. Mwenye kujenga nyumba huulizwa choo kiko wapi. Mwenye kujenga chuo na aulizwe njia iko wapi.

NANI ATAFANYA

Hapa ndipo mambo mengi mazuri hufia. TANROADS wana barabara zao. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ina zake. LATRA inasimamia leseni za usafiri. Polisi wana vivuko. Jiji lina masoko na vibali. Chuo kina geti lake. Mwananchi aliyekosa njia ya kupita hajui amwendee nani, na kila anayemwendea humwelekeza kwa mwingine.

Twataka, kwa hiyo, kamati moja ya ujirani kwa kila eneo la vyuo, ikutane katika ofisi ya Serikali ya mtaa na si katika hoteli. Wakae humo mkuu wa chuo au mjumbe wake mwenye uwezo wa kuamua, serikali ya wanafunzi, mwenyekiti wa mtaa, wazazi wa shule za jirani, wafanyabiashara, viongozi wa bodaboda na wachukuzi, askari wa usalama barabarani, na mhandisi wa barabara. Waitembee njia pamoja kwa miguu, asubuhi ya siku ya masomo, kabla hawajafungua daftari. Kisha waandike mambo matatu tu, si 30: nini kifanyike mwezi huu, nani akifanye, na nani aulizwe kisipofanyika. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani mwa mtaa na getini mwa chuo, kila mtu aisome.

Nanyi wanafunzi, tuna neno kwenu. Ninyi ni wageni wa heshima katika mitaa hii, na wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji anapona kwa kuja kwenu? Wa ufundi wanaweza kupima kivuko na kuhesabu magari, likawa zoezi la darasani na faida ya mtaa kwa wakati mmoja. Wa biashara wanaweza kuwafundisha mama lishe hesabu. Wa uganga wanajua kuliko sisi mfupa uliovunjwa na pikipiki unavyoonekana. Na waje waseme katika mikutano ya mtaa. Msomi anayeziba njia ya mzee asiyejua kusoma, kisha akaingia darasani kusoma maendeleo, elimu yake ina walakini.

Nanyi wanachama wa matawi ya Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchafukoge na Upanga, msingoje barua kutoka juu. Mwenyekiti wa mtaa mnamjua, geti la chuo mnalijua, kivuko kilichofutika mnakijua. Mkutano ujao wa tawi uweke jambo hili katika ajenda, uchague watu wawili wa kwenda kuonana na chuo kwa heshima na kwa uthabiti. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chuo ni chetu, mtaa ni wetu, na njia iliyo kati yao ni yetu sote, mwenye gari na asiye nalo, anayeona na asiyeona.

Uhuru na Umoja.